Kwa Nini Injini ya Mtumbwi Hukataa Kuwaka Ingali Baridi?

Alfajiri, katika mialo ya Ziwa Viktoria, si ajabu kumwona mvuvi akivuta kamba ya injini tena na tena bila mafanikio. Jana jioni injini hiyo hiyo iliwaka alipovuta mara moja tu. Je, usiku kumebadilika nini? Jibu limo katika fizikia na kemia ya shule ya sekondari. Hapa tutaitazama injini ndogo yenye kabureta.

Petroli iliyo majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue yote. Tena petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi: nyepesi huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na nzito hukaribia nyuzi 200. Injini yenye joto huzigeuza zote kuwa mvuke. Injini baridi huvukiza zile nyepesi tu, na zilizobaki hulowesha kuta za ndani. Kwa hiyo silinda hukosa mvuke wa kutosha ingawa petroli imeingia.

Hiyo ndiyo kazi ya choki. Hupunguza hewa ili petroli nyingi zaidi ivutwe, na sehemu nyepesi zitoshe kuwaka. Injini ikishapata joto, choki huondolewa.

Baridi ina athari ya pili. Oili huwa nzito, na injini huzunguka polepole. Katika injini nyingi za kamba, cheche hutokana na sumaku inayozunguka karibu na koili. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba badiliko la usumaku huzalisha umeme. Kadiri badiliko lilivyo la haraka, ndivyo volteji inavyokuwa kubwa. Basi kuvuta mara moja kwa kasi kwafaa kuliko kuvuta mara kumi kwa unyonge.

Injini ikiendelea kukataa, tufuate utaratibu huu:

1. Tazama kwanza yaliyo rahisi. Je, kamba ya usalama imechomekwa kwenye swichi ya kuzimia? Je, tundu la hewa la tangi limefunguliwa? Je, pampu ya mpira imebonywa mpaka ikawa ngumu?

2. Vuta mara chache, kisha fungua plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki: chunguza mpira, chujio na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli inafika, ila cheche ni dhaifu au petroli imezidi. Ikaushe plagi, ondoa choki, kisha ujaribu tena.

3. Pima cheche. Jambo hili lina hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama chini ya mtumbwi; cheche moja yatosha kuuwasha. Kazi hii ifanywe na fundi, nchi kavu, mahali penye upepo, mbali na tangi na petroli iliyomwagika.

4. Kamba ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, huenda mgandamizo ndani ya silinda umepungua. Hapo fundi anahitajika.

Jambo kuu ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili plagi, petroli na choki kwa pamoja huenda akaiwasha injini, lakini hatajua kilichoiponya, na kesho ataanza upya. Ugonjwa usiojulikana mwaloni huweza kurudi katikati ya ziwa, upepo ukiwa umechafuka.

Maswali

1. Tia tone la spiriti mgongoni mwa mkono. Kwa nini unahisi baridi? Jambo hilo lahusianaje na petroli ndani ya kabureta?

2. Kwa nini choki ikiachwa bila kuondolewa huweza kuzima injini iliyokwisha kupata joto?