UKUBWA WA BOMBA LA GESI KWA HITA YA MAJI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba wanaokusudia kufunga hita ya maji katika nyumba zenye jiko la gesi ya mitungi wanafahamishwa kuwa bomba linalolitosha jiko si lazima liitoshe na hita. Maelezo yafuatayo yatamsaidia mwenye nyumba kukadiria mahitaji yake kabla ya kazi kuanza.

1. Kujumlisha nguvu ya vyombo
Jiko la mafiga manne hutumia kiasi cha kilowati 8. Hita inayotoa lita 10 za maji ya moto kwa dakika hutumia kiasi cha kilowati 20. Vikiwashwa pamoja, bomba hudaiwa kilowati 28, yaani mara tatu na nusu ya mwanzo. Kwa kuwa kilo moja ya gesi hutoa kiasi cha kilowati 12.8 kwa muda wa saa moja, matumizi hayo ni kilo 2.2 kwa saa.

2. Upotevu wa mgandamizo
Gesi inapopita bombani hupoteza mgandamizo. Upotevu huo huongezeka kwa kadiri ya urefu wa bomba, na kwa mraba wa kiasi cha gesi kinachopita. Hivyo, gesi ikizidi mara 3.5, upotevu huzidi takriban mara 12. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 10, lililokuwa likipoteza milibari 0.4 kwa jiko peke yake, litapoteza karibu milibari 4.9. Kipimo cha juu kinachokubalika Uingereza kwa gesi ya mitungi majumbani ni milibari 2.5.

3. Kuchagua upana
Upana ukiongezwa kutoka milimita 10 hadi 15, upotevu hupungua zaidi ya mara saba, na kurudi kwenye milibari 0.6 hivi. Kila kiwiko kihesabiwe kuwa ni nusu mita ya bomba.

4. Regyuleta na mtungi
Uwezo wa regyuleta huandikwa juu yake. Iliyoandikwa kilo 1.5 kwa saa haiyatoshi matumizi yaliyotajwa, hata bomba likiwa pana. Aidha, mtungi mdogo unaotolewa gesi kwa haraka hupoa, na gesi yake hudhoofika.

5. Hatari
Mgandamizo ukishuka hita inapowaka, moto wa jiko unaweza kuzimika. Hita inapofungwa, gesi hurejea kwa nguvu na kuvuja kwenye figa lisilo na kifaa cha kujifunga. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutanda sakafuni na kusubiri cheche. Vilevile, hita isifungwe ndani ya bafu lisilopitisha hewa, kwani moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Inasisitizwa kuwa kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi wa gesi. Baada ya kufunga, kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni, na kamwe kisipimwe kwa kibiriti. Kisha vyombo vyote viwashwe kwa pamoja: moto wa jiko ukififia hita inapowaka, kazi hiyo isipokelewe.