Matanga Yakishaanuliwa: Namna ya Kuanza Upya Handeni na Korogwe

Mtu aliyefiwa na mwenzake huambiwa jikaze, kisha huambiwa maisha lazima yaendelee. Maneno hayo yana nia njema, lakini hayamwelezi afanye nini Jumatatu asubuhi, chai ikiwa mezani na kiti kimoja kitupu. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya Jumatatu hiyo, hasa kwa wajane na wagane wa Handeni na Korogwe. Msimamo wangu ni kwamba maisha mapya hayaanzi kwa kukaa na kutafuta kusudi kubwa la kuishi. Huanza kwa kulinda haki zako, kisha kwa kazi ndogo inayokutoa kitandani. Kusudi lenyewe hujitokeza ukiwa njiani.

Karatasi kwanza

Wapo watakaoona ni utovu wa adabu kutaja karatasi wakati machozi hayajakauka. Mimi naona kinyume chake. Mjane aliyenyang'anywa shamba analia misiba miwili kwa wakati mmoja, na ule wa pili ungeweza kuzuiwa.

Anza na cheti cha kifo. Kama mgonjwa alifia hospitali, iwe Magunga pale Korogwe au hospitali ya wilaya, usiondoke bila karatasi ya tangazo la kifo. Kama alifia nyumbani, mtendaji wa kijiji au wa kata ndiye wa kuanzia. Karatasi hiyo hupelekwa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako usajili wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, hufanyika. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita bado unaweza kusajili, ila mlolongo unakuwa mrefu zaidi. Bila cheti, benki itakurudisha, kampuni ya simu itakurudisha, na mahakama haitakusikiliza.

Cheti kikipatikana, kaa na mtu mmoja unayemwamini mfungue ile bahasha au kile kisanduku ambacho kila nyumba inacho. Tafuteni kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, hati ya kimila ya shamba au barua ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, kadi ya benki, daftari la kikoba, kadi ya pikipiki, na karatasi ndogondogo za madeni. Andikeni kila kitu kwenye daftari moja, na aliyekuwapo aweke sahihi. Laini ya simu ya marehemu itunzeni, lakini msitoe fedha zilizomo hata kama namba ya siri mnaijua. Fedha hizo sasa ni mali ya mirathi, na anayezigusa kabla ya kupewa idhini anajitafutia kesi.

Kwa watu wengi wa huku, mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa sheria ya Kiislamu au ya kimila. Familia za Kikristo zisizofuata mila katika mambo yao huelekezwa mahakama ya juu zaidi, na karani ndiye atakayewaonyesha njia. Kwa kawaida mahakama huomba muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Hapo ndipo wajane wengi hupotezwa. Kikao hufanyika jioni, yeye yuko ndani na akina mama, na baadaye anapelekewa karatasi aweke dole gumba. Usiweke. Sema kwa heshima: "Baba mkubwa, naomba nisomewe kwanza, na nakala yangu nibaki nayo." Hakuna mzee mwema atakayekasirishwa na ombi hilo. Mjane mwenyewe anaweza kupendekezwa kuwa msimamizi, na yeyote atakayeteuliwa ajue kwamba kusimamia si kumiliki. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda mahakama imwongezee muda. Miezi hiyo ikipita kimya, warithi wana haki ya kwenda kuuliza.

Yale ambayo mila haiwezi kukulazimisha yako kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 68 kinasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe. Kwa Mwislamu, eda inabaki palepale. Habari ya kurithiwa na shemeji haina nguvu kisheria ikiwa wewe hutaki. Vilevile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Sisemi kwamba sheria zetu zimekamilika. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 bado linambana mjane katika urithi, na wajane wawili wa Shinyanga walilipinga hadi Mahakama Kuu mwaka 2006 bila kupata nafuu. Walikwenda mbele hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilisema haki zao zilikuwa zimevunjwa. Wanawake wawili waliofiwa walilifikisha suala lao huko. Ukiambiwa mjane hana pa kusemea, wakumbuke hao. Kwa msaada wa bure karibu nasi, ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika halmashauri yako chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au ofisi ya wanasheria wanawake, TAWLA, iliyopo Tanga.

Kuna fedha nyingine ambazo watu huziacha kwa kutojua. Kama marehemu alikuwa kibarua wa shamba la mkonge au kiwanda na alikatwa michango, nenda mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ukaulize mafao ya warithi na msaada wa mazishi. Kwa mtumishi wa serikali, mfuko ni PSSSF. Aliyefia kazini, au kwa maradhi yaliyotokana na kazi, familia yake iulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Na kwa kuwa barabara kuu ya Segera hadi Mombo imewaliza wengi, jua kwamba aliyekufa kwa ajali ya gari huenda familia yake ina haki ya fidia kutoka kwenye bima ya gari lililosababisha. Omba taarifa ya ajali polisi mapema, kabla kumbukumbu hazijawa ngumu kupatikana.

Mwaka wa kwanza, usiuze

Mwezi wa pili au wa tatu wanunuzi huanza kuja. Anayetaka ekari mbili za Kabuku anakuja na fedha taslimu na maneno matamu. Binamu anataka pikipiki ibaki kwake kwa muda. Jibu lako liwe moja: mirathi haijafungwa. Ni jibu la kweli, na halimtukani mtu. Ardhi ya kijiji kwa vyovyote haihamishwi bila halmashauri ya kijiji kuridhia, kwa hiyo kuchelewa kwako hakuvunji sheria yoyote. Kuhama mji, kuoa au kuolewa tena, kuwagawa watoto kwa mashangazi, kuchukua mkopo mkubwa: haya nayo yasubiri ikiwa yanaweza kusubiri. Akili iliyofiwa huona njia moja tu mahali penye njia tatu.

Huzuni nayo haiendi kwa ratiba. Wengi wamesikia kwamba ina hatua tano. Daktari Elisabeth Kübler-Ross aliyezieleza mwaka 1969 alikuwa akizungumza hasa na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 jambo lililo karibu zaidi na tunayoyaona majumbani: mtu aliyefiwa hupanda na kushuka, leo analilia alichopoteza, kesho anashughulika na ada ya shule na paa linalovuja, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomponya. Mjane anayecheka sokoni Jumanne na kulia Alhamisi hajamsahau mumewe, wala hajarukwa na akili. Dini zetu zimelijua hili siku nyingi. Eda ya miezi minne na siku kumi humpa mwanamke ruhusa ya kuhuzunika bila kuharakishwa, na kisha humpa siku ya kutoka.

Lutindi na tiba ya kazi

Huko milimani, ndani ya Wilaya ya Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianzisha mahali hapo mwaka 1896 pakiwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa kuwa hospitali ya magonjwa ya akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Leo iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Pamoja na dawa, wagonjwa wa Lutindi hushika kazi: chai, bustani, karakana. Mtu aliyekuwa hajui siku wala tarehe hupewa kikapu na mstari wake wa kuchuma. Aliyefiwa si mgonjwa wa akili, lakini kanuni hiyo inamfaa. Mkono ukishughulika, kichwa hupumzika.

Basi chagua kazi ndogo yenye saa maalumu, na ikiwezekana yenye watu. Kufundisha madrasa mara tatu kwa juma. Kwaya. Kamati ya shule. Kuku kumi. Kama unahitaji kipato, tazama muda wa mazao. Mkonge ni mali, na Korogwe inaujua vizuri: nchi iliyovuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 iliporomoka hadi karibu na tani 20,000 katika miaka ya 1990, baada ya kamba za plastiki kuushinda sokoni na mashamba kudorora. Kisha kuanzia 1999 wakulima wadogo waligawiwa maeneo ndani ya mashamba makubwa kama Hale na Magunga. Lakini mkonge unataka karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na mchungwa wa Handeni unataka subira ya namna hiyohiyo. Panda, ila usitegemee ndiyo ilishe watoto mwaka huu. Kati ya mistari weka mahindi na maharage. Ukiwa Handeni, fikiria maji kabla hujaanza bustani ya mboga, kwa maana mwaka wa ukame ndoo moja huwa na bei yake.

Usianze na mkopo wa riba. Kikoba cha jirani kinatosha kwa mwanzo, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Wanaume nisiwasahau. Mgane huletewa chakula siku saba, kisha anashauriwa aoe haraka au anaachiwa chupa. Mshairi Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alifiwa na mkewe Amina akabaki na malezi mikononi. Katika kitabu chake *Maisha Yangu* mna utenzi wa nasaha aliomwandikia binti yake na mwingine aliomwandikia mwanawe. Kazi ya kuwalea ilimpa la kusema, na sisi sote tumerithi. Baba anayejifunza kusuka nywele za binti yake wa darasa la pili hajashuka cheo.

Ikiwa baada ya miezi sita mtu bado hali, halali, hawezi kushika shughuli yoyote, na huzuni imebaki kali kama siku ya kwanza, tambua kwamba Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, na ina matibabu. Aanzie kituo cha afya, apewe rufaa hadi hospitali ya Bombo, Tanga, au Lutindi. Anayesema anataka kumfuata marehemu asisubiri miezi sita wala siku sita. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Simu 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Ombi langu la mwisho ni kwa masheikh, wachungaji na watendaji wa vijiji. Mnaposimama makaburini kutoa shukrani na kutangaza siku ya hitima au ya ibada, ongezeni tangazo moja: cheti cha kifo kifuatiliwe ndani ya siku 30, na mjane asisaini chochote asichosomewa. Halichukui dakika moja.