Homa Si Malaria Tu: Kuitambua Homa ya Uti wa Mgongo



Ndugu wanafunzi, likizo inakaribia, na baadhi yetu tutarudi makwetu kando ya Ziwa Mweru: Nchelenge, Kashikishi, au visiwa vya Kilwa na Chisenga. Huko malaria ipo mwaka mzima. Mtu akipata homa na kuumwa kichwa, jibu tunalo mdomoni: malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini upo ugonjwa mwingine unaoanza vivyo hivyo, na ukichelewa siku moja tu unaweza kuzika mtu.

Mimi nasoma masomo ya dini, si daktari. Nimelazimika kujifunza haya kwa sababu ya mtoto wa jirani yetu. Alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa. Kesho yake shingo ikakakamaa, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wapo waliosema ni jini. Kaka yake akashikilia kwamba apelekwe hospitali. Alhamdulillah alipona, lakini sikio moja halisikii tena.

Ni ugonjwa gani?

Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Huletwa na bakteria, virusi, kuvu, hata vijidudu vya kifua kikuu. Ule wa bakteria ndio wa haraka: unaweza kuua ndani ya saa 24. Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa 1 kati ya 6 wa aina hiyo hufariki, na 1 kati ya 5 wanaopona hubaki na madhara makubwa.

Dalili zake

Homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika, kuumizwa na mwanga, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida na degedege. Mwambie mgonjwa agusishe kidevu kifuani. Sisi tunaorukuu na kusujudu kila siku tutaelewa upesi mtu akishindwa. Lakini akiweza, usimalize hapo; dalili zote hazitokei kwa pamoja.

Mtoto mchanga huenda shingo isikakamae kabisa. Tazama kama anakataa ziwa, analegea, analia kwa sauti kali isiyo yake, au utosi umevimba. Wengine hutoka madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi, yatafute viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope.

Na hili ndilo somo lenyewe: kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, uchunguzi haujaisha. Katika sehemu zenye malaria nyingi, watu wengi wana vimelea damuni bila kuumwa. Mtu anaweza kuwa navyo, na kinachomuua kikawa kingine.

Nani yuko hatarini zaidi?

Watoto wa chini ya miaka 5, wenye selimundu na waliotolewa wengu. Pia vijana wanaolala wengi chumba kimoja, yaani sisi wa mabweni, na wavuvi kambini, kwa sababu bakteria hupita kwa mate na makamasi ya watu wanaokaa karibu karibu.

Wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana wana hatari ya aina ya kuvu. Hiyo huja polepole: kichwa kinauma wiki nzima au zaidi, homa ikiwa kidogo tu. Haiambukizwi kwa mtu mwingine, basi tusimtenge mgonjwa.

Na mahujaji. Katika Hijja ya mwaka 2000 ulizuka mlipuko wa bakteria wa kundi W. Mahujaji na watu waliowapokea makwao waliougua walizidi 400. Leo Saudi Arabia inadai cheti cha chanjo inayokinga makundi A, C, W na Y, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Kundi hilo hilo la W ndilo lililothibitishwa Banalia, kaskazini mwa Kisangani, katika mlipuko uliotangazwa Septemba 2021. Ndugu, cheti cha chanjo si karatasi ya kununua.

Sindano ya mgongo

Ili kujua aina ya ugonjwa, daktari huchota maji kidogo mgongoni. Wengi hukataa wakiamini sindano hiyo huua au hupoozesha. Ukweli ni kwamba huchomwa chini kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Wengi waliokufa baada yake walifikishwa hospitali wakiwa tayari wamezidiwa. Tukailaumu sindano badala ya kuchelewa kwetu.

Wajibu wetu

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na Mtume (s.a.w.) aliwaagiza Waislamu wajitibu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, na unaweza kumsomea ndani ya boti mkielekea hospitali. Aliye kisiwani asingoje kupambazuke aone kama atapata nafuu. Upepo ukichafuka, ziwa halivukiki. Hospitali waambie wazi: shingo imekakamaa, amechanganyikiwa. Ikithibitika ni ya bakteria, waulize kama mliolala naye mnahitaji dawa ya kinga.

Ukifika nyumbani, mfundishe mama, shangazi na wadogo zako kipimo cha kidevu na kifua. Allah atulinde na awaponye wagonjwa wetu. Amin.