Somo kwa Vyama: Pikipiki ya Kwanza ya Kijana Asiye na Dhamana



Somo hili limekusudiwa kusomwa kwa sauti katika mkutano wa chama, kisha lijadiliwe. Linahusu jambo ambalo kila chama cha akiba na mikopo kisiwani Pemba hukutana nalo: kijana anakuja mbele ya Kamati ya Mikopo, anataka pikipiki ya kubebea mizigo na abiria, na hana shamba, hana mshahara, wala hajawahi kukopa popote. Je, chama kimkatalie? Kikimkubali, kimkubali kwa njia gani?

Tumchukue kijana wa Mgogoni. Kazi anaijua, kwani kwa muda sasa ameendesha pikipiki ya tajiri, akipakia samaki, ndizi na abiria kwenda Konde na Wete. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo. Afanye kazi miaka mitano, pikipiki itabaki ya tajiri. Anapokwenda kutafuta mkopo huulizwa dhamana na kumbukumbu ya mikopo ya nyuma. Hapo ndipo baba mzazi, kwa huruma, husema, "Mwanangu, weka mikarafuu yangu rahani."

Makatibu, neno hilo lisikieni kwa uangalifu. Wazee wetu waliwahi kuyaona mashamba yakiliwa na madeni. Mkulima alichukua fedha kabla ya msimu, bei ikaanguka, na deni likakua. Hali ilifikia hadi mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe ovyo kutoka mikononi mwa wenyewe. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vyema, nao ukitunzwa hulisha vizazi. Pikipiki huchakaa ndani ya miaka michache. Si busara kuweka rahani mali ya vizazi kwa ajili ya chombo cha miaka michache.

Dhamana ya asiye na mali

Yafaa ieleweke kwamba tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1864, katika kijiji cha Heddesdorf nchini Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliunda chama cha mikopo cha wakulima. Msingi wake ulikuwa mwepesi kuuelewa: benki ya mbali haimjui mkulima, bali jirani yake anamjua. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchini Niger, walianza vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha zao wenyewe bila ya benki, na mtindo huo ndio mama wa vikundi vya hisa vilivyoenea Afrika Mashariki, visiwa vyetu vikiwemo. Katika yote mawili, dhamana ya mtu ilikuwa ni mwenendo wake mbele ya wanaomjua.

Kwa hiyo kijana asiye na kumbukumbu asifukuzwe. Apewe nafasi ya kuijenga. Kumbukumbu hiyo ni kitabu chake cha akiba. Anayeweka shilingi 15,000 kila wiki kwa wiki arubaini, bila ya kuruka hata moja, ameonyesha kwa vitendo kwamba ataweza kulipa. Anayeleta fedha nyingi kwa mkupuo mmoja siku ya kuomba mkopo hajaonyesha lolote, kwani huenda nazo amezikopa.

Hesabu ya njia tatu

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila chama kiweke za kwake. Tuseme pikipiki pamoja na usajili, bima na kofia ngumu mbili inagharimu shilingi 3,000,000. Kwa siku kijana hupata 25,000. Petroli ni 8,000. Oili na chakula 5,000. Inabaki 12,000. Kwa siku sita za kazi ni 72,000 kwa wiki.

Njia ya kwanza ni kukodi. Tajiri hutoza 7,000 kwa siku, yaani 42,000 kwa wiki. Kijana hubakiwa na 30,000. Kwa wiki 58 atakuwa amelipa 2,436,000, naye hana hata tairi.

Njia ya pili ni mkataba wa mtu binafsi: hulipa 10,000 kila siku kwa miezi kumi na minane, yaani wiki 78, kisha chombo huwa chake. Jumla ni 4,680,000. Kila wiki hubakiwa na 12,000 tu, na mara nyingi matengenezo yote ni juu yake. Akiugua siku chache, chombo huweza kuchukuliwa na yote aliyoyalipa yakapotea.

Njia ya tatu ni ya chama. Kijana aendelee kukodi huku akiweka 15,000 kwa wiki kutokana na ile 30,000 inayobaki. Kwa wiki arubaini atakuwa na 600,000. Msimu wa karafuu achume, na ujira wa kuchuma aulete chamani, tuseme 400,000. Sasa ana 1,000,000, thuluthi ya gharama. Chama kinunue pikipiki kwa 3,000,000 na kumuuzia kwa 3,300,000. Akishatoa akiba yake, deni ni 2,300,000. Akilipa 40,000 kwa wiki, atamaliza wiki ya 58, na malipo ya mwisho yatakuwa 20,000. Kila wiki hubakiwa na 32,000: 10,000 aziweke kwa ajili ya tairi na cheni, na 22,000 ziende nyumbani. Ukilinganisha na njia ya pili, ameokoa 1,380,000.

Katibu aangalie jambo moja hapa. Malipo ya wiki yamepangwa kwa kutazama kinachobaki baada ya petroli na chakula. Asiyepima hivyo humfunga kijana mzigo usiobebeka, kisha humwita mkaidi anaposhindwa. Tena, mvua za masika hupunguza safari, ilhali msimu wa karafuu huzizidisha. Mkataba useme tangu mwanzo kwamba masika atalipa kidogo, na msimu atalipa zaidi.

Kuhusu riba

Wanachama wengi hujitenga na mikopo kwa kuchelea riba, na hofu hiyo iheshimiwe. Mfano tulioutoa umefuata njia ya murabaha, ambayo ni biashara ya kuuza kwa faida iliyo wazi. Lakini masharti yake yatimizwe kweli, yasiwe ya karatasini tu. Kwanza, chama kisimkabidhi kijana fedha taslimu. Kinunue chombo chenyewe na kukimiliki kabla ya kukiuza. Pili, bei ya kununulia na faida vitajwe mbele yake. Tatu, bei ikishakubaliwa isiongezeke kwa sababu ya kuchelewa. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma za kufuata sharia mwaka 2011. Kijana aliyemaliza deni la chama, mwenye kitabu safi na stakabadhi zake zote, ana la kuonyesha siku atakapobisha hodi huko.

Mambo ya kuandikwa katika mkataba

1. Leseni ya udereva ipatikane kabla ya chombo kununuliwa.
2. Kadi ya pikipiki ikae kwa chama hadi malipo ya mwisho, kisha umiliki uhamishwe kwa kijana bila ya kuchelewa.
3. Wadhamini wawe wawili, wote wanachama, nao waweke dhamana sehemu ya akiba zao iliyotajwa kwa tarakimu. Mikarafuu, nyumba na ng'ombe wa wazazi visiguswe.
4. Bima ilipwe kila mwaka, na bima inayofidia wizi na ajali itazamwe kwanza, kwani chombo kisicho na bima kikianguka, deni hubaki.
5. Ielezwe nini kitafanyika kijana akiugua, akiumia au akifariki. Deni la maiti hulipwa kabla ya kugawanywa mirathi. Basi lisiachwe likawashitua warithi.
6. Kila malipo yatolewe stakabadhi, na yaandikwe siku hiyohiyo katika kitabu cha chama na kitabu cha mkopaji.

Asipoleta malipo wiki mbili mfululizo, Katibu asingoje mwezi. Amfuate nyumbani, wala si kwa kumfedhehesha, bali kuuliza. Mara nyingi atakuta cheni imekatika au mtoto yuko hospitali, jambo linalotengenezeka. Deni lililonyamaziwa miezi mitatu halitengenezeki kwa urahisi, na fedha inayopotea ni ya mama aliyeuza mwani, aliyeiweka chamani kwa imani.

Haba na haba hujaza kibaba. Chama kinachomkataa kila kijana kitazeeka pamoja na wanachama wake. Na chama kinachomkopesha kila ajaye bila ya kupima kitakufa mapema zaidi. Kati ya hayo mawili ndipo ilipo kazi ya Kamati.

Maswali ya kujadili

1. Katika shehia yetu, mwendesha pikipiki hubakiwa na kiasi gani kwa siku baada ya petroli na chakula? Waulizwe wenyewe, wala isikisiwe.
2. Chama chetu kinaweza kununua pikipiki ngapi kwa mwaka bila ya kuzuia wanachama wengine kutoa akiba zao?
3. Je, yumo mwanachama aliyeweka mikarafuu rahani kwa ajili ya chombo? Chama kinaweza kumsaidia vipi kuikomboa?