Bajeti Ikipungua, Nani Hulipa? Somo kuhusu Familia Zinazolea Watoto Wenye Ulemavu

Bajeti ya umma husomwa barazani kwa tarakimu kubwa, lakini mwisho wake huonekana katika vitu vidogo: chupa ya mafuta ya ngozi, plasta ya mguu wa mtoto mchanga, mwalimu anayejua lugha ya alama, kitimwendo kinachoweza kupita katika njia ya zahanati. Fungu likipunguzwa, vitu hivyo ndivyo hukosekana kwanza. Somo hili linaeleza njia ambazo upungufu wa fedha za umma hupitia hadi kuifikia familia inayolea mtoto mwenye ulemavu. Linaeleza pia nafasi waliyonayo wakazi wa kata kabla bajeti haijapitishwa.

Namna tatu za kupunguza

Matumizi ya umma hupungua kwa namna tatu. Ya kwanza ni ya wazi: fungu la huduma fulani hupunguzwa au kufutwa kabisa. Ya pili ni ya kimya: fungu hubaki katika kitabu cha bajeti, ila fedha hazitolewi, au hutolewa mwaka wa fedha ukielekea ukingoni. Ya tatu huonekana ndogo kuliko zote: fedha hazitajwi, bali masharti ya kupata huduma hubadilishwa, na baadhi ya waliokuwa wakiipata hujikuta nje ya mlango.

Ni vema kuzitambua namna hizi zote tatu, kwa maana mkazi anayetazama tarakimu peke yake ataiona ya kwanza tu. Familia, kwa upande wake, huumizwa na zote kwa kiwango kilekile.

Mzigo unaoanza kabla ya upungufu

Nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu hubeba gharama ambazo jirani hazioni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji mazoezi ya viungo mara kwa mara, na mara nyingi huduma hiyo hupatikana hospitali ya wilaya au ya mkoa, si katika zahanati ya kijiji. Safari moja ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha siku. Mtoto akishakuwa mzito kiasi cha kutobebeka mgongoni, bodaboda humfaa kwa shida, na gari la kukodi huzidi uwezo wa wengi.

Gharama ya pili ni muda. Mtoto asiyeweza kuachwa peke yake huhitaji mtu wa kukaa naye mchana kutwa, na katika kaya nyingi mtu huyo ni mama, bibi au dada mkubwa. Mama huacha genge au shamba. Dada hukosa masomo. Hivyo matumizi ya kaya hupanda wakati uleule ambapo kipato chake kinashuka. Huduma ya umma inapopungua, kazi haipungui nayo. Huhamia nyumbani, ikafanywa na mtu asiyelipwa na ambaye hakupata mafunzo yake.

Tiba inapokatika katikati

Mfano ulio wazi ni wa watoto wanaozaliwa na nyayo za kupinda, hali ambayo wengi huiita mguu kifundo. Kwa njia ya tiba inayotumika sasa duniani kote, mguu hunyooshwa polepole kwa kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki kadhaa. Baadaye mtoto huvalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau. Mwanzoni huvivaa karibu saa zote, kisha usiku tu, hadi afikie umri wa miaka 4 au 5. Tiba ikianza mapema na kukamilishwa, watoto wengi hutembea, hukimbia na kucheza kama wenzao.

Ugumu uko katika neno "kukamilishwa". Plasta zikikosekana wiki ya tatu, au viatu vipya visipopatikana mtoto anapokua, mguu huweza kurudi ulivyokuwa. Fedha zilizokwisha kutumika hupotea, na kazi huanza upya ikiwa ngumu zaidi, wakati mwingine kwa upasuaji. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hapa ukuta huo hujengwa na mzazi.

Hali ni hiyohiyo kwa mtoto mwenye ualbino. Mafuta ya kukinga ngozi na jua, kofia pana na nguo za mikono mirefu ni vitu vya gharama ndogo. Vikikosekana mwaka hadi mwaka, ngozi huungua, vidonda hujirudia, na hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Matibabu ya saratani ni ghali kwa familia na kwa Serikali pia. Kupunguza ununuzi wa mafuta hayo kwaweza kuonekana kama kubana matumizi katika hesabu ya mwaka mmoja, lakini katika hesabu ya miaka kumi ni deni.

Masharti yanapobadilika

Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto wa umri chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa kudumu, siku ya kutimiza miaka 5 huondoa msamaha huo huku mahitaji yake yakibaki palepale. Ndiyo maana wazazi wengi walitegemea Toto Afya Kadi, mpango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliokuwa ukimwezesha mtoto wa chini ya miaka 18 kusajiliwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Mwaka 2023 Mfuko huo ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja, ukaelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule au kwa vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihesabu: wazazi wengi walikuwa wakisajili watoto waliokwisha kuugua tu, na gharama za matibabu zikazidi sana michango. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa bima husimama pale ambapo wazima na wagonjwa huchangia kwa pamoja.

Hata hivyo, njia ya shule humfaa mtoto aliye shuleni. Mtoto asiyesoma kwa kuwa shule ya jirani haina mwalimu wa elimu maalumu, wala choo anachoweza kukitumia, hukosa darasa kwanza, kisha hukosa na bima iliyopitia darasani. Hapa upungufu wa sekta moja huzaa upungufu katika sekta nyingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima. Wazazi wanashauriwa kufuatilia kwa Afisa Ustawi wa Jamii utaratibu unaotumika sasa, hasa kwa kaya zisizo na uwezo.

Hesabu ya asilimia mbili

Tangu mwaka 2018, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, baada ya kuondoa mapato yaliyolindwa kwa kazi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana, na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu.

Asilimia hufuata makusanyo. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 1 hutenga shilingi milioni 20 kwa watu wenye ulemavu. Makusanyo yakishuka hadi shilingi milioni 800, fungu hilo huwa shilingi milioni 16, bila mtu yeyote kupiga kura ya kulipunguza. Ushuru unaokwepwa gulioni na mkopo usiorejeshwa vina mkono katika upungufu huo.

Fungu hilo pia liliwahi kusimama kabisa. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo yote ya asilimia 10 baada ya kubainika kasoro, zikiwamo za vikundi hewa na marejesho hafifu. Utoaji ulirejea katika mwaka wa fedha 2024/2025 chini ya utaratibu mpya. Usitishaji ulikusudiwa kulinda fedha za umma, lakini uliwagusa pia waliokuwa wakirejesha kwa uaminifu. Tena, mikopo hii ni ya watu wazima, mtoto hakopi. Kwa hiyo fungu la asilimia 2 halichukui nafasi ya mafungu ya huduma za watoto wenye ulemavu katika idara za afya, elimu na ustawi wa jamii. Mafungu hayo hayana budi kutajwa na kutetewa kwa majina yake.

Fedha zinazotoka mbali

Sehemu ya huduma za utengamao na vifaa saidizi nchini imekuwa ikigharimiwa na wafadhili. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ajili ya mapitio, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha programu zake. Uingereza, iliyoshusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa mwaka 2021, imetangaza kuishusha tena hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Huduma iliyosimama juu ya mradi huondoka na mradi. Inayoandikwa katika bajeti ya halmashauri, hata ikiwa ndogo, ina mwenye wajibu wa kuijibia.

Fundisho kutoka Bristol

Nchi tajiri nazo zimepita katika njia hii. Katika jiji la Bristol, Uingereza, baraza la jiji liliamua kupunguza takribani pauni milioni 5 katika fungu la wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wazazi walifungua shauri, na Agosti 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba uamuzi huo haukuwa halali, kwa kuwa baraza halikuwashirikisha wahusika wala kuzingatia ipasavyo athari kwa watoto.

Mahakama haikusema kwamba fungu haliwezi kupunguzwa kamwe. Ilisema kwamba mwenye kuamua anapaswa kwanza kujua nani ataumia na kwa kiasi gani. Kanuni hiyo inafaa katika kata yoyote, na hapa nchini haihitaji kusubiri mahakama, kwa sababu nafasi ya kusikilizwa imewekwa mapema katika utaratibu wa bajeti.

Nafasi ya mkazi

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mapendekezo huibuliwa vijijini na mitaani, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufika Baraza la Madiwani, kabla ya kwenda ngazi za juu na hatimaye bungeni. Anayesubiri hotuba ya bajeti mwezi Juni amechelewa. Maneno yenye uzito husemwa miezi mingi kabla yake.

Hatua nne zifuatazo ziko ndani ya uwezo wa wakazi:

1. Kumwandikisha mtoto. Mtoto mwenye ulemavu atambuliwe na ofisi ya kijiji au mtaa na Afisa Ustawi wa Jamii, pamoja na aina ya ulemavu na mahitaji yake. Mtoto aliyefichwa ndani hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi fedha.

2. Kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, na kuuliza fedha zilizotengwa na zile zilizopokelewa. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo huonyesha upungufu wa kimya.

3. Kuzitumia kamati za watu wenye ulemavu, zilizowekwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa. Mahali ambapo kamati haipo au imelala, Afisa Mtendaji aombwe kuihuisha.

4. Kupeleka ombi lenye hesabu. "Watoto watano wanahitaji mafuta ya ngozi mwaka mzima" ni ombi linaloweza kuingizwa katika mpango. "Tunaomba msaada" haliwezi.

Wajibu huu si wa wazazi peke yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na kumpa mtoto mwenye ulemavu haki ya uangalizi maalumu, tiba na utengamao. Jirani anayekaa na mtoto saa tatu ili mama afike kliniki ameokoa safari hiyo. Jirani anayenyanyua mkono mkutanini kumsemea mtoto asiye wake ameifanya hoja iwe ya kijiji kizima.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mikutano

1. Ni watoto wangapi wenye ulemavu katika kijiji au mtaa wenu, na wangapi kati yao wako shuleni?
2. Ni huduma ipi wanayoihitaji ambayo ilikuwapo zamani na sasa haipo? Ilikoma kwa namna ipi kati ya zile tatu?
3. Ni huduma ipi katika kata inategemea mradi wa wafadhili, na mradi huo unakoma lini?
4. Ni ombi gani moja, lenye idadi na gharama, mtakalolipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa ajili ya bajeti ijayo?