Mwalimu wa Gitaa la Klasiki Lubumbashi: Mafunzo Niliyopata

Hapa Lubumbashi ukiulizia mwalimu wa gitaa, utaelekezwa kwa kijana anayepiga solo kanisani. Vijana hao ni hodari, lakini gitaa lao ni la umeme na hufundisha nyimbo za ibada kwa kusikiliza. Mimi nilitaka gitaa la nyuzi za nailoni na muziki ulioandikwa kwa nota. Nilimpata mwalimu, tena kwa ada ninayoimudu.

1. Anza na korali, bendi baadaye

Msomaji wa nota katika mji huu mara nyingi amelelewa na korali. Hilo lina historia. Padri Anschaire Lamoral, Mbenediktini, aliongoza hapa waimbaji wavulana wa Croix de Cuivre, na Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, alikuwa mwanamuziki wa huku kwetu. Solfeji ilikita mizizi makanisani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nilisubiri mazoezi ya korali yaishe, nikamuuliza kiongozi nani kati yao anapiga gitaa kwa vidole. Swali hilo lilinifikisha mbali kuliko matangazo yote ya ukutani.

2. Mpe ukurasa asioujua

Usiridhike na kipande alichokizoea. Mpe zoezi la Matteo Carcassi, umwombe alisome polepole. Akikwama kisha akaendelea, ni msomaji. Halafu tazama kama anaangalia unavyokaa: mguu wa kushoto juu ya kibao, kifundo cha mkono kimelegea. Asiyejali mkao atakuumiza mkono.

3. Usimpite mzee wa vidole

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu zaidi. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alipiga kwa gumba na kidole cha shahada: gumba likitembeza besi, shahada ikipandisha wimbo juu yake, hata ukadhani magitaa ni mawili. Edouard Masengo na Losta Abelo walipita njia hiyohiyo. Mtafiti David Rycroft aliuandika upigaji wa Mwenda kwa nota na kuuchambua katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi akajifunze kwa Mwenda mwenyewe. Watu wametoka Ulaya kuja kutafuta mwalimu hapa, nasi tunadhani wa kwetu hawana cha kutufundisha!

Klasiki hutumia vidole vinne vya mkono wa kuume, na mwanzoni kinachosumbua zaidi ni kulifanya gumba lijitegemee. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani, anayepiga kwa gumba na shahada kama Mwenda na asiyesoma nota hata moja, ndiye aliyenifungulia gumba. Mwalimu wa korali akaongeza vidole viwili vilivyobaki pamoja na usomaji. Kwa maoni yangu, anayeishi Lubumbashi afundishwe na wote wawili.

4. Ada hupungua mkikaa pamoja

Mwalimu atakutajia dola, na ana haki: kodi yake ya nyumba nayo ni dola. Badala ya kumbana, tulijikusanya wanafunzi watatu, tukaenda sisi nyumbani kwake ili asilipe taksibasi, na tukawa tunamlipa mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Yeye alipata zaidi, kila mmoja wetu akatoa kidogo. Vitabu havina gharama kubwa: watunzi wa gitaa Carcassi, Sor na Giuliani walifariki katika karne ya 19, hakimiliki zao zimekwisha, na kazi zao hupatikana bure kwenye intaneti. Pakua kwenye simu, kachapishe kwa watu wa fotokopi.

5. Nyuzi

Gitaa la klasiki lisifungwe nyuzi za chuma, hata kama muuzaji sokoni anakuhakikishia kuwa hazina neno. Mvuto wa nyuzi hizo ni mkubwa, na daraja linaweza kung'oka ubaoni. Kiangazi nacho, Agosti na Septemba hasa, hewa yetu hukauka na mbao hupasuka. Lifungie gitaa ndani ya mfuko wake, ukiweka humo kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya kikopo kilichotobolewa, mbali na ubao. Mwalimu mzuri atakuambia haya kabla hujalipa ada ya kwanza.