Mtoto anayenyamaza darasani si mjinga

Somo letu la leo linahusu watoto waliofika Kolwezi na familia zilizokimbia vita vya Kasai vya miaka 2016 na 2017.

Tuchukue mfano. Msichana wa darasa la pili aliingia shuleni akasema: «Moyo, mwalimu.» Watoto wakacheka. Kwa Kiluba cha Kasai, «moyo» ni salamu. Kwa Kiswahili ni kitu kinachodunda kifuani. Tangu siku ile akanyamaza. Mwalimu akimuuliza swali, anainamisha macho. Mwalimu akafikiri hajui kitu, akamkalisha nyuma. Baba naye akasema: «Kama shule imemshinda, aende kuosha mawe ya madini na wenzake.»

Tuone mambo matatu.

1. Lugha. Mtoto huyu anabeba lugha mbili ngeni kwa mara moja: Kiswahili cha uwanjani na Kifaransa cha kitabuni. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali kufundisha kwa lugha za taifa, na Katiba inahesabu Kiluba cha Kasai kati ya lugha nne za taifa, sawa na Kiswahili.

2. Desturi. Nyumbani alifundishwa kwamba mtoto hamkazii mkubwa macho. Ile ni heshima, si ujinga.

3. Matarajio. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba hawezi, ataamini. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini mlango wazi hautoshi kama ndani hakuna anayemngojea.

Jambo hili ni la amani pia. Wakubwa wanakumbuka miaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Kolwezi na Likasi. Kabla ya kufukuzwa, waliitwa majina ya wadudu. Ubaya ule ulitanguliwa na maneno na kicheko.

Turudi kwa msichana wetu. Mama yake alikwenda kumweleza mwalimu. Kesho yake mwalimu alisalimu darasa lote: «Moyo!» Kisha akamwomba msichana ahesabu kwa Kiluba. Alipofika «isatu», watoto walisikia tatu. «Itanu», wakasikia tano. «Dikumi», wakapaza sauti: kumi! Siku ile aliketi mbele.

Wazazi, nendeni shuleni mkaeleze mtoto wenu anasema lugha gani. Walimu, ulizeni kabla ya kuhukumu. Machifu, katazeni majina ya matusi mtaani.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
– Katika mtaa wetu, ni watoto gani wanachekwa kwa sababu ya lugha yao?
– Sisi nyumbani tunawaita wageni kwa jina gani, watoto wakisikia?
– Nani kati yetu atakwenda kuongea na mwalimu wiki hii?